Ndiyo Moja Iliyokuwa ya Kweli

Kama ulinisoma wiki iliyopita, unajua nilivyotoka ofisi ya uhamiaji kule Cleveland nikiwa nimefeli. Kama hukunisoma, nitakusimulia kwa kifupi tu, maana aibu yenyewe si ya kurudiwarudiwa.

Naitwa Sabitra Dhungel. Nina miaka thelathini na tisa. Nilizaliwa Bhutan, tukafukuzwa nikiwa na miaka sita, nikakulia kambini Nepal, nikaolewa humohumo kambini, kisha tukaletwa hapa Akron, Ohio. Kazi yangu ni kukunja mashuka ya hospitali katika kiwanda cha kufulia. Tangu nipate akili sijawahi kuwa raia wa nchi yoyote.

Mwezi wa tatu niliitwa kwenye usaili wa uraia. Maswali ya historia niliyapatia sita kwa sita. Lakini afisa alipofungua ile fomu ndefu na kuanza kuniuliza mambo yangu mwenyewe, Kiingereza kikanikimbia. Nikaona nikubali kila kitu. Kwetu kukubali ni adabu.

"Umewahi kuwa mlevi wa kupindukia?"

"Ndiyo, bwana."

"Umewahi kufanya ukahaba?"

"Ndiyo, asante."

"Umewahi kujaribu kuipindua serikali?"

"Ndiyo, bwana. Asante sana."

Afisa akavua miwani, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akanipa tarehe nyingine, mwezi wa tano, akaniambia nikajifunze Kiingereza.

Nikaenda kujifunza. Laiti ningebaki mjinga.

*

Darasa letu ni kila Jumanne na Alhamisi, katika ukumbi wa chini wa kanisa moja huku mtaa wa North Hill. Mwalimu wetu ni Connie, mama wa miaka sabini, dereva wa basi la shule aliyestaafu. Hana haja ya kipaza sauti. Akikuambia kaa, unakaa kabla hujajua umekaa.

Karibu yangu hukaa Bibi Jasodha. Ana miaka sabini na sita na amekariri majibu yote mia moja bila kuyajua maswali. Ukimsalimia kwa Kiingereza anakujibu, "Bendera ina nyota hamsini."

Siku hiyo Connie alikuja na fomu mkononi.

"Leo historia pembeni. Leo tunasoma fomu. Sabitra, pita mbele! Wewe ndiye mlevi wetu na mpindua serikali wetu."

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka. Sijacheka tena vile mpaka leo.

Connie akawa anaigiza kila swali ili tulielewe. La ulevi, alipepesuka kati ya viti. La kumtesa mtu alimkaba Bibi Jasodha koo, na bibi akapiga kelele za kweli. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema hapana, na kila hapana ilipigiwa makofi.

Kisha akaweka juu ya meza boksi tupu la viatu. Akakunja karatasi, akaangalia huku na huku kama mtu mwenye siri, akaitumbukiza ndani.

"Umewahi kupiga kura katika uchaguzi wowote Marekani? Wowote! Wa rais, wa jimbo, wa mji."

Nikalitazama lile boksi.

"Ndiyo," nikasema.

Walicheka! Bibi Jasodha aliyekuwa bado anajipapasa koo alicheka mpaka akakohoa. Connie akajifuta macho.

"Hapana, mpenzi. Sema hapana. Wewe si raia. Asiye raia akipiga kura hapa ni kosa kubwa. Anaweza kunyang'anywa kadi ya kijani, ile ya ukaazi, na kurudishwa kwao."

Hakuna aliyeona kwamba mimi sikucheka. Safari hii swali nilikuwa nimelielewa.

Ndiyo zangu zote kule Cleveland zilikuwa za kijinga. Isipokuwa moja, niliyoijibu swali hilohilo la kura. Hiyo ilikuwa ya kweli.

*

Nisikilize vizuri, maana hapa naungama.

Miaka mitatu na nusu iliyopita, Ghanashyam aligombea udiwani. Ghanashyam amemwoa dada wa mume wangu, kwa hiyo kwangu ni shemeji. Alikuwa raia tayari, ana duka la viungo na mchele, na mdomo wake hauna breki. Alikuja nyumbani na fomu.

"Shemeji, weka saini hapa."

"Ni ya nini?"

"Ya kunipigia kura mimi. Wewe hutaki mtu wetu akae mezani na wakubwa?"

"Si mpaka niwe raia?"

"Hiyo ni ya rais, shemeji. Ya mji inatosha kadi ya kijani. Mimi ndiye ninayegombea, nisijue?"

Nikaweka saini. Kiingereza cha ile fomu kwangu kilikuwa kama nyayo za kuku. Siku ya kura alitupakia kwenye basi dogo watu kumi na wawili, tukapiga kura, tukarudi dukani kwake tukala maandazi ya nyama yaliyopikwa kwa mvuke tukashiba. Niliona fahari. Baba yangu alikufa kambini bila kuulizwa na mtu yeyote anamtaka nani. Mimi niliulizwa.

Ghanashyam alishindwa vibaya. Tukasahau. Yeye peke yake hakusahau, mpaka leo anataka aitwe Mheshimiwa.

*

Darasa lilipokwisha nilibaki nikimsaidia Connie kukunja viti.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Kuna rafiki yangu."

"Ehe."

"Alipiga kura. Hakujua. Mtu alimwambia inaruhusiwa."

Kiti kikabaki mkononi mwake, nusu kimekunjwa.

"Rafiki yako huyo ana usaili karibuni?"

"Wiki mbili kasoro siku moja."

Alinitazama, na nikaona macho yake yakihesabu. Wiki mbili kasoro siku moja ilikuwa tarehe yangu, aliiandika yeye mwenyewe ubaoni na kuizungushia duara.

"Usiniambie zaidi," akasema kwa sauti ndogo. Sikujua kama ana sauti ndogo. "Mimi si mwanasheria. Kitu kimoja tu. Asidanganye. Atakuwa amekula kiapo. Uongo chini ya kiapo ni kosa juu ya kosa."

"Na akisema kweli?"

Connie akaweka kiti chini, akaandika namba ya simu nyuma ya karatasi ya maswali.

"Mwambie ampigie huyu kwanza. Kabla hajaongea na mtu mwingine yeyote."

Ningemsikiliza, leo nisingekuwa na hadithi ya kukupa. Asubuhi yake nilikwenda kwa Ghanashyam.

*

Nilimkuta nyuma ya kaunta, anapima manjano kwenye mifuko midogo. Dukani hakukuwa na mteja.

"Shemeji! Karibu. Umependeza, au ndiyo uraia unanukia?"

"Mheshimiwa, nimekuja kuuliza habari ya ile kura."

"Kura ipi?"

"Uliyotupeleka na basi."

Kijiko kikasimama hewani. Akatoka nyuma ya kaunta, akageuza kibao cha mlangoni kisomeke Tumefunga, akafunga komeo. Ndipo akanigeukia, na yule mtu wa maneno matamu hakuwepo tena.

"Mimi sijampeleka mtu popote."

"Shemeji, tulikuwa kumi na wawili."

"Wewe ulikwenda na miguu yako. Saini ni ya mkono wako. Mimi nina jina langu katika mji huu."

"Ulisema kadi ya kijani inatosha!"

"Nani alisikia?"

"Wote walisikia."

"Haya, waite." Akasogea mpaka nikanusa manjano kwenye nguo zake. "Waite wote waje wajitaje. Mzee Khadka, na mke wake mgonjwa. Yule binti aliyejifungua juzi. Waite, uwaambie Sabitra anataka kusema kweli ili awe mtakatifu. Halafu anza na wa nyumbani kwako. Au umesahau nani alikaa kiti cha pili, karibu na wewe?"

Nikashika kaunta.

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimekataa kukumbuka.

Kiti cha pili alikaa Lok Nath. Mume wangu. Na Lok Nath aliapishwa kuwa raia Septemba iliyopita.

*

Nyumbani nilimkuta jikoni anakatakata kitunguu. Siku ambazo naingia zamu ya jioni yeye ndiye mpishi. Ukutani, karibu na picha za miungu, kilining'inia cheti chake cha uraia ndani ya fremu. Alikuwa amekivisha shada la maua ya njano, na kila asubuhi hukifukizia ubani pamoja na miungu.

Binti yetu Prakriti alikuwa shuleni. Nikafunga mlango wa jikoni hata hivyo.

"Baba Prakriti, kwenye usaili wako walikuuliza swali la kura?"

Kisu hakikusimama. "Waliuliza mengi."

"La kura walikuuliza?"

"Waliuliza."

"Ukajibu nini?"

"Hapana."

"Ulilielewa?"

Hapo kisu kikasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kitunguu, au sijui.

"Nililielewa."

Nikavuta kiti nikakaa. Kwa hiyo miezi yote ile, tukikifukizia ubani kile cheti, tulikuwa tunaabudu uongo, na yeye alijua.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Usilale kama mimi nisivyolala? Nilijua Kiingereza chako hakitafika huko. Nilidhani utasema hapana kama kasuku, tumalize."

"Nilisema ndiyo."

"Ulisema ndiyo kwa kila kitu, Sabitra! Ulisema ndiyo kwa ukahaba! Nani atakuamini?" Akapiga magoti pale sakafuni, akanishika mikono, vidole vyake vinanuka kitunguu. "Sikiliza. Nenda ukaseme hapana. Neno moja tu. Ukisema ndiyo watauliza nani alikupeleka. Halafu watauliza mlikuwa na nani. Watanivua ule uraia kama wanavyovua koti."

"Na wakinigundua nimedanganya?"

"Watagundua vipi? Miaka mitatu na nusu, nani aliuliza?"

"Naogopa."

"Mimi je? Unadhani watatupeleka wapi? Bhutan?"

Wote tulikuwa tumesikia habari za wale vijana wetu waliorudishwa. Bhutan iliwakataa upya, wakasukumwa hadi India, India ikawasukuma hadi Nepal, wakaishia kambini kulekule walikozaliwa. Watu wazima, na tatuu za Ohio mikononi.

"Prakriti amezaliwa hapa," akasema. "Sisi wawili tukiondolewa, utamwachia nani? Ghanashyam?"

"Basi."

"Niahidi."

"Nitasema hapana."

"Niapie kwa kichwa cha mtoto."

Nikaapa.

*

Tangu siku hiyo hofu ilihamia kwetu kama mgeni asiyeaga. Gari likisimama mtaani nachungulia pembeni ya pazia. Mtu wa posta akichelewa sandukuni pangu najua analeta barua ya serikali. Kazini nilikunja shuka moja mara nne, msimamizi akauliza kama naumwa.

Darasani Connie hakuniita tena mbele. Aliniangalia tu. Siku moja akapita nyuma ya kiti changu akasema, bila kumtazama mtu, "Rafiki yako amepiga simu?"

Nikapiga.

Wakili aliitwa Ines Barrientos, wa ofisi ya msaada wa kisheria. Mwanamke mfupi, nywele fupi, maswali mafupi. Mkalimani alikuwa kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza, sauti ya kike ya Kinepali safi, nami nikaikodolea macho ile simu badala ya kuanza.

"Kuna nini?" wakili akauliza.

"Huyu anayetafsiri anaishi wapi?"

Simu ikajibu yenyewe, "Texas, dada. Sikujui wala hunijui. Sema tu."

Nikasema. Fomu, saini, basi, Ghanashyam. Wakili aliandika bila kuinua uso.

"Ulisoma ulichokitia saini?"

"Sikuweza kusoma."

"Na ulijua lini kuwa ni kosa?"

"Wiki iliyopita. Darasani. Mbele ya boksi la viatu."

Akainua uso. Sikujua kama anataka kucheka au kulia.

"Bi Dhungel, kuna njia mbili na hakuna iliyo salama. Unaweza kuondoa ombi lako la uraia, ubaki na kadi ya kijani, kama hawatakufuata. Au uende, useme ulivyodanganywa, nami nipeleke maelezo yako kwa maandishi."

"Nikiondoa, ile fomu yenye ndiyo yangu wataichoma?"

"Hawachomi kitu."

"Itakaa?"

"Itakaa. Mwaka huu, mwaka kesho, siku yoyote mtu akiifungua."

Nikafikiria kuishi hivyo. Pazia, posta, shuka mara nne. Baba yangu aliishi hivyo Bhutan, akiwasubiri wanaume wenye daftari waje kuuliza risiti ya kodi ya shamba ya babu, ndipo waamini kuwa ni raia. Walikuja.

"Nitakwenda," nikasema.

"Basi nitakaa karibu yako. Jibu ya kwako tu." Akageuza ukurasa. "Swali la mwisho, na hili ni muhimu sana. Ndani ya nyumba yako kuna mwingine aliyepiga kura siku hiyo? Nikijua leo, naweza kumkinga. Nisipojua, siwezi."

Mkalimani akatafsiri taratibu, kwa huruma kabisa. Nikaliona lile shada la njano. Nikakiona kichwa cha Prakriti nilichokiapia.

"Hapana," nikasema.

Nikaisema kwa Kiingereza, wala sikumngoja mkalimani. Connie alikuwa amenifundisha vizuri.

Hiyo ndiyo dhambi yangu, msomaji. Ya kura ilikuwa ujinga. Ya mume wangu niliikuta. Lakini hii niliifanya macho makavu, kwa mtu pekee aliyetaka kunisaidia.

*

Siku ya usaili Lok Nath aliomba ruhusa kazini. Alivaa koti la harusi ya mdogo wake. Alinipaka tika, alama nyekundu ya baraka, kwenye paji la uso, kisha akaifuta kidogo isionekane sana. Njiani hakuwasha redio.

"Neno moja," akasema tulipoegesha gari.

"Neno moja."

Alipomwona wakili ananisubiri mlangoni, akaduwaa.

"Huyu nani?"

"Wa msaada wa kisheria. Mwalimu ndiye aliyemtafuta. Ni kwa ajili ya Kiingereza changu."

Uongo wa tatu. Kufikia hapo nilikuwa sihangaiki tena kuhesabu.

Akaketi katika chumba cha kungojea, begi langu mapajani. Mimi na wakili tukaitwa ndani.

Afisa alikuwa yuleyule. Alinikumbuka, na tabasamu likamponyoka.

"Bi Dhungel. Leo tutasema ndiyo au hapana?"

"Inategemea swali, bwana."

Akacheka kidogo. Nikainua mkono wa kulia, nikaapa kusema kweli.

Kusoma nikapita. Ikaja kuandika. Afisa akanisogezea karatasi, akaniamrisha niandike sentensi moja anayoisoma.

"Raia wanaweza kupiga kura."

Nilidhani ananikebehi. Nikamtazama, uso wake haukuwa na kitu. Ni sentensi tu, wengi hupewa. Nikaiandika. Herufi zilipanda na kushuka kama njia ya mlimani, lakini zilisomeka.

"Vizuri sana. Kweli umesoma."

Ndipo akafungua fomu. Ulevi. Hapana. Ukahaba. Hapana. Kumtesa mtu. Hapana. Kila hapana ilitoka safi, na kila moja ilinikaribisha kwenye ile niliyokuwa naiogopa.

"Umewahi kupiga kura katika uchaguzi wowote Marekani?"

Kwa wakili nilikuwa nimeahidi kweli, kwa mume wangu neno moja, hapana. Hilo la mume wangu nilikuwa nimelifanyia mazoezi bafuni, garini, mbele ya mashuka. Nikafungua mdomo nilitoe.

Na mkono niliouinua ukawa bado mzito, kama haujashuka.

"Ndiyo," nikasema. "Mara moja. Sikujua. Leo najua."

Afisa akaweka kalamu chini.

Wakili Barrientos akatoa maelezo yangu, karatasi tatu, akaanza kusema: alidanganywa, hakujua kusoma, amekiri mwenyewe kwa hiari yake. Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mara ya kwanza nilidhani ni Kiingereza," akasema. "Nilicheka hata nyumbani. Lakini kazi yangu ni kuhakikisha. Kwa hiyo niliandika kwa ofisi ya uchaguzi."

Akavuta droo, akatoa nakala ya ukurasa mmoja, akaugeuza unielekee.

Lilikuwa daftari la wapiga kura la siku ile, majina yamepangwa kwa herufi, kila jina na saini mbele yake. Nikaiona yangu, imepinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Kidole cha afisa hakikuwa kwenye yangu. Kilikuwa mstari mmoja juu yake.

Dhungel, Lok Nath. Nyumba ileile, mtaa uleule. Saini yenye mkia mrefu ninaoujua, ule uliopo pia kwenye cheti kilichovishwa maua.

"Huyu ni nani wako?"

Wakili aliutazama ukurasa, kisha akanitazama mimi. Sijawahi kuona mtu akizeeka kwa muda mfupi vile.

"Usijibu," akaniambia. Sauti ilikuwa kavu.

"Ana haki ya kutojibu," afisa akasema, akainuka, akachukua ule ukurasa. "Nitamuuliza mwenyewe. Si ndiye yuko hapo nje na begi lako?"

Nilitaka kupiga kelele kwa Kinepali, kimbia, toka, nenda ukamchukue mtoto. Kiingereza changu chote kilikuwapo, kila neno, na hakuna hata moja lililonifaa.

Afisa akaufungua mlango.

"Bwana Lok Nath Dhungel?"

Kupitia mlango ule nilimwona akiruka kutoka kitini, anajinyoosha koti, begi langu kifuani, uso mzima umejaa kicheko. Alidhani ameitwa kuja kunipongeza.